KWA NINI NINAACHA KUFUNDISHA KAMBINI
Maneno ya mwalimu wa darasa la sita katika mkutano wa Siku ya Wakimbizi Duniani, tarehe 20 Juni



Kamati iliniomba niseme neno juu ya elimu. Nami niliomba ruhusa, nikapewa, niseme juu ya jambo moja tu lililomo ndani ya elimu, nalo ni mwalimu kuacha kazi. Nimelichagua kwa sababu limenifika mimi mwenyewe, na kwa sababu tangu Pasaka maneno mengi yamezunguka bombani, kila mtu na lake. Wengine wamenipeleka Kanada, wengine wamenirudisha Kongo, na wapo walioniozesha mke Kigali. Afadhali mlisikie kutoka kinywani mwangu.

Basi ni kweli. Baada ya mtihani wa taifa wa darasa la sita, mwezi wa Julai, nitaacha kufundisha katika shule yetu. Mwezi wa Septemba, mwaka mpya wa masomo utakapoanza, nitakuwa mwalimu wa shule moja ya binafsi katika sekta ya Butare. Wazee, msichanganye. Siyo ile Butare ya Chuo Kikuu, ambayo tangu mwaka 2006 inaitwa Huye. Hii ni Butare ya wilaya ya Rusizi, Cyangugu ya zamani, sehemu ya milima upande wa kusini, kuelekea msitu wa Nyungwe na mpaka wa Burundi. Ukishuka kutoka huko unafika bonde la Bugarama, penye mashamba ya mpunga, na jirani yake Muganza penye kiwanda cha saruji cha Cimerwa. Pale nchi tatu zinakutana: Rwanda, Burundi na Kongo. Na kwa sababu hiyo Kiswahili ni lugha ya sokoni huko tangu zamani, kabla Rwanda haijakifanya lugha rasmi mwaka 2017. Shule hiyo ilitaka mwalimu wa Kiingereza ambaye mzazi akija akamsemesha kwa Kiswahili hatababaika. Rusizi mimi si mgeni, maana nilisomea ualimu Mururu, katika wilaya hiyohiyo.

Mzee mmoja, ambaye ninamheshimu kama baba yangu, aliniambia mbele ya watu: "Mwanangu, tulikulea hapa, ukasoma hapa, sasa umeota manyoya unaruka." Neno hilo halikunikasirisha. Nililichukua nikalala nalo siku kadhaa, kwa sababu lina uzito. Niliingia kambini nikiwa mtoto wa miaka saba. Kalamu yangu ya kwanza ilitoka katika mikono ya mwalimu mkimbizi, tena mwalimu huyo alikuwa hana hata viatu. Tangu mwaka 2012 nimefundisha watoto wa watu niliokuwa nacheza nao mpira wa matambara. Mzee ana haki ya kuuliza. Nami nina wajibu wa kujibu, ndiyo sababu nimesimama hapa.

Nianze na mwalimu mwingine ambaye nyote mnamjua. Mwaka 1955 Julius Nyerere alikuwa mwalimu wa sekondari ya Mtakatifu Fransisko, Pugu, karibu na Dar es Salaam. Alikuwa amesoma Makerere na Edinburgh, ana mshahara, ana mke na watoto wadogo. Alikuwa pia rais wa TANU, chama kilichoundwa tarehe 7 Julai 1954. Mwezi wa Machi 1955 alikwenda New York kusema mbele ya Baraza la Udhamini la Umoja wa Mataifa. Aliporudi, wakubwa wa shule walimtaka achague moja, kufundisha au siasa. Akaandika barua ya kuacha kazi mwezi huohuo. Watu husimulia habari hii kana kwamba alitoka Pugu leo, kesho yake akawa rais. Haikuwa hivyo. Alirudi kwao, upande wa Musoma, hana mshahara, na akapata riziki kwa kumfundisha padri mmoja wa shirika la Maryknoll lugha ya Kizanaki. Mtu aliyetoka kusema mbele ya mataifa anakaa na padri mmoja kumfundisha namna ya kusalimia kwa Kizanaki! Lakini kazi ni kazi. Mimi siendi kudai uhuru wa nchi, ninakwenda kutafuta mshahara, kwa hiyo msicheke mkidhani ninajilinganisha naye. Nimemtaja kwa sababu nataka muone kwamba kuna siku ya kuacha kazi, na kuna miezi inayofuata baada ya siku hiyo, na miezi hiyo ndiyo migumu.

Mwalimu huyohuyo aliacha kazi mara nyingine iliyowashangaza watu zaidi. Tanganyika ilipata uhuru tarehe 9 Desemba 1961, na tarehe 22 Januari 1962, hata wiki saba hazijaisha, Waziri Mkuu Nyerere akajiuzulu. Alitaka kwenda kukijenga chama vijijini. Nani aliamini? Lakini kazi haikusimama hata siku moja, kwa sababu kulikuwa na Rashidi Kawawa, mtu wa vyama vya wafanyakazi ambaye tayari alikuwa waziri, aliyejua faili ziko wapi. Desemba 1962 nchi ikawa jamhuri, Nyerere akarudi akiwa rais. Mimi nikiwafundisha watoto habari hizi, swali ninalowauliza si kwa nini Nyerere aliondoka. Ninawauliza Kawawa alikuwa wapi mwaka mmoja kabla. Hapo ndipo darasa linanyamaza.

Na yule aliyempokea urais mwaka 1985, Ali Hassan Mwinyi, naye alikuwa mwalimu huko Unguja kabla ya kuingia serikalini. Januari 1977 aliacha uwaziri wa mambo ya ndani, kwa sababu watu walikufa mikononi mwa polisi huko Mwanza na Shinyanga. Yeye hakumpiga mtu yeyote, lakini wizara ilikuwa yake. Akapelekwa Misri kuwa balozi, akarudi, na mwisho mnaujua. Watu walidhani amekwisha.

Sasa nitazame upande wa pili, ili msiseme ninachagua mifano inayonifaa. Yapo maondoko yanayobomoa. Januari 2020, katika jimbo la Garissa huko Kenya, walimu watatu waliuawa Kamuthe na watu wenye silaha. Baada ya hapo tume inayoajiri walimu wa Kenya iliwaondoa walimu wengi waliotoka majimbo mengine. Hakuna mtu mwenye akili anayeweza kuwalaumu walimu wale, kwa maana maiti hafundishi. Lakini madarasa yalibaki na watoto na ubao. Hakuna aliyepata muda wa kumwambia mwenzake mtoto huyu amefika wapi katika kusoma. Walimu waliobaki walipewa madarasa mawili, matatu. Mzee wangu aliponiambia "unaruka", naamini jambo la namna hiyo ndilo aliloliona kwa macho yake ya moyoni.

Kwa hiyo niseme sababu zangu waziwazi, na baadaye niseme nimefanya nini na darasa.

Sababu ya kwanza ni posho. Ndugu wa mashirika, nawaomba msininukuu vibaya, kwa kuwa posho imenilisha miaka mingi nami nashukuru. Lakini posho si mshahara. Haina akiba ya uzee, haipandi kwa miaka ya kazi, na mwalimu wa mwaka wa kumi na nne anapokea kama yule aliyeingia jana. Mwezi wa Agosti 2022 serikali ya Rwanda iliwaongezea walimu wa shule za msingi wenye cheti cha A2 asilimia 88 ya mshahara wao. Mwenzangu niliyesoma naye Mururu, tuliyekuwa tukigawana sabuni moja bwenini, alinipigia simu usiku ule akicheka kama mlevi, na yeye hanywi. Nilifurahi naye kwa kweli. Nilipokata simu nikakaa nikihesabu. Cheti chake na changu kimetoka chuo kimoja, mwaka mmoja. Jambo lingine likafuata: walimu kadhaa wa shule za binafsi walihamia shule za serikali kwa ajili ya nyongeza ile, na nafasi zikabaki wazi katika shule za binafsi. Nafasi niliyoipata Butare ni ya namna hiyo. Mshahara wake si wa kutajirika, lakini ni mshahara, una mkataba, na una makato ya akiba ya uzeeni.

Wengine wanauliza kama mkimbizi anaruhusiwa. Anaruhusiwa. Mkataba wa mwaka 1951 wa wakimbizi, ambao Rwanda ilijiunga nao mwaka 1980, katika kifungu cha 17 unataja haki ya mkimbizi kufanya kazi ya mshahara, na sheria ya Rwanda ya wakimbizi nayo inatupa haki ya kufanya kazi. Vijana, shikeni vitambulisho vyenu vya ukimbizi vizuri, msiviweke chini ya godoro ambako mvua inavuja. Mwajiri aliniuliza kitambulisho kabla hajaniuliza cheti.

Sababu ya pili ni kungojea. Hapa nitasema polepole, maana ninagusa nyumba nyingi. Miaka mingi tumeishi tukiwa na mguu mmoja ndani ya ndege. Mtu hapandi mti kwa sababu atasafiri. Hajengi jiko kwa sababu atasafiri. Kijana haoi, au anaoa haraka kabla faili halijafungwa. Januari 2025 Marekani ilisimamisha mpango wake wa kupokea wakimbizi, na watu waliokuwa na tarehe za safari wakaambiwa warudi nyumbani, nyumbani maana yake hapa. Mnawajua, wengine wamekaa katika mkutano huu. Walikuwa wamekwisha kugawa sufuria na mikeka, wakaanza kuzunguka kwa majirani wakiomba warudishiwe, na wengine wakaona haya, hawakuomba. Faili langu mimi pia liko mahali fulani. Likiitwa, nitaitika. Lakini nimeona kwamba siwezi kumfundisha mtoto wa darasa la sita kupanga maisha yake hali mimi mwenyewe, mtu mzima, ninapangiwa na simu isiyolia.

Mama yangu ndiye jambo zito kuliko yote. Anabaki. Anasema Butare ni baridi na yeye amekwisha zoea majirani zake, nami najua kwamba sababu kubwa ni kaburi la baba, ambalo liko hapo kilimani. Sasa, tangu Mei 2021 fedha za chakula hazitolewi sawa kwa wote. Familia hupangwa kwa makundi kufuatana na hali yake, na ile inayoonekana kuweza kujitegemea haipewi. Jina langu na la mama yako katika kadi moja. Je, siku nitakapoandika kwamba nina mkataba wa kazi, mama atahesabiwa kuwa ameajiriwa? Ana miaka sabini na moja, na macho yake ni ya kushikwa mkono. Swali hili nililipeleka ofisini mwezi wa Aprili, nikaambiwa ningoje ukaguzi mpya wa familia. Ninalirudia hapa mbele ya watu si kwa ajili yangu peke yangu. Wapo vijana wasiopungua sita ninaowafahamu waliokataa kazi, au wanaoifanya kwa kujificha, kwa kuogopa kadi ya wazazi. Wanaondoka alfajiri kama wezi kwenda kufanya kazi ya halali. Ndugu wa mashirika, mnatuhimiza tujitegemee, na ni neno jema. Basi tuambieni kwa maandishi, mtoto akipata kazi nje, mzazi mzee anayebaki atapimwa vipi, na itachukua miezi mingapi. Mtu akijua hesabu ataamua. Asipoijua, atakaa.

Sasa juu ya darasa, kwa sababu mzee wangu aliuliza habari ya darasa, hakuuliza habari ya mfuko wangu.

Tangu Januari kuna binti ambaye amekuwa akikaa nyuma ya darasa langu. Mlimwona, na wengine mlidhani ni mwanafunzi aliyerudia. Alimaliza chuo cha ualimu, alizaliwa katika kambi hii, na kuanzia Septemba darasa la sita ni lake, direkta wa shule amekubali. Mwezi wa kwanza alitazama tu. Mwezi wa pili alifundisha hesabu nami nikakaa nyuma mahali pake, na nawaambia, kiti kile ni kifupi. Mwezi wa tatu nilitoka nje kabisa, na wavulana wakubwa wakamjaribu, kama wavulana wanavyofanya. Hakupiga kelele. Alimwita yule mkorofi kuliko wote akampa kazi ya kusoma majina ya mahudhurio kila asubuhi, na kijana yule sasa anafika shuleni kabla ya jua. Mimi sikumfundisha hilo, alilitoa kichwani mwake. Baadhi ya wazazi wamekuja kwangu usiku wakisema ni mdogo, ni msichana, ataolewa. Nawajibu hapa mchana: mimi nilipoanza nilikuwa mdogo kuliko yeye, na hakuna aliyeniuliza kama nitaoa.

Nimemwandikia daftari. Si daftari la alama, hilo lipo na kila mwalimu analo. Ni daftari la mambo ambayo hayana mahali pa kuandikwa. Ndani yake kuna majina ya watoto wanne wasioona ubao vizuri lakini wanaona aibu kusema, ili wakae mbele bila kutajwa. Kuna mtoto ambaye kila siku ya kugawa fedha hatafika, kwa sababu ndiye anayempeleka bibi yake, na asiadhibiwe. Kuna wawili ambao familia zao hazisemezani tangu huko tulikotoka, wasiwekwe dawati moja, lakini katika mpira wacheze timu moja, maana huko wanaelewana. Kuna dirisha la tatu ambalo mvua ya Machi inaingia. Kuna namna ya kumkumbusha fundi wa dirisha hilo, namna ambayo sitaitaja hapa kwa kuwa fundi yupo. Kuna msichana mwenye akili kuliko darasa zima ambaye mjomba wake anataka aache shule akalee watoto mjini. Nimekwisha kumwendea mjomba huyo mara tatu na mara ya nne nitakwenda na mama mwalimu huyu mpya, ili amjue uso na ajue kwamba mimi nikienda, mlango wake utaendelea kubishwa.

Walimu wenzangu, mkijiona na nyinyi siku yenu inakaribia, anzeni daftari mapema. Direkta akipewa taarifa ya wiki mbili hana la kufanya zaidi ya kuunganisha madarasa. Akipewa miezi sita anaweza kumtafuta mtu na kumkalisha nyuma ya darasa. Na Kamati, tafadhali, mwalimu akija kwenu na kusema anafikiria kuondoka, msimwite msaliti. Mkimwita hivyo, wa pili hatasema, ataondoka usiku wa kuamkia muhula, na watoto watamngoja mlangoni.

Yapo yanayoniogopesha, nayo niyaseme. Nimezoea kuwa mwalimu wa watoto wanaojua jina la baba yangu. Huko Butare nitakuwa mkimbizi mbele ya walimu wenyeji, na sijui watanipokeaje. Tena kutoka Bugarama mtu anauona upande wa Kongo kwa macho, ule uwanda wa Ruzizi tulikolima, hali amani yake bado ni ya kuhesabu siku. Kuna watakaosema nimesogea karibu na mpaka ili nivuke. Sivuki. Nitatazama, kama mtu yeyote anavyotazama kwao, kisha nitarudi kusahihisha madaftari.

Nitabaki kambini mpaka mtihani wa Julai umalizike, na wiki moja baada yake. Daftari nililolitaja nitalikabidhi pamoja na funguo za kabati la vitabu mbele ya direkta na mjumbe mmoja wa Kamati. Vitabu nimevihesabu na kumi na mmoja havipo. Vimo majumbani mwenu, wala sitataja nyumba, vileteni tu kabla ya Ijumaa.

Wazazi wa darasa la sita nawaomba msiondoke baada ya ngoma. Katika orodha ya mtihani kuna majina matatu ambayo hayafanani na yaliyoandikwa kwenye kadi za familia, na Jumatatu asubuhi ni lazima yafike ofisi ya sekta yakiwa yamesahihishwa. Njooni na kadi zenu pale chini ya mti, mimi na mwalimu mpya tutakuwepo.